Kiwanda cha Viatu cha Morogoro na Hoja ya Uvivu wa Wafanyakazi

Morogoro ilichaguliwa kuwa mji wa viwanda kwa sababu zinazoeleweka. Reli kutoka Dar es Salaam iliufikia mwaka 1907, na mito ya Uluguru iliupatia maji. Baada ya Azimio la Arusha, na hususan baada ya Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa mwaka 1975, serikali ilijenga huko viwanda vya ngozi, viatu, turubai na nguo.

Masimulizi mengi kuhusu kudorora kwa viwanda vya umma huwatupia lawama wafanyakazi: mali ya umma haikuwa na mwenyewe, kwa hiyo kila mtu alitega. Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi kueleza yaliyokipata Kiwanda cha Viatu. Kiwanda hicho, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilisanifiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka. Kilitarajiwa kulilisha soko lote la ndani na kuuza takriban robo tatu ya viatu vyake Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo huo. Utegaji hupunguza uzalishaji. Ni vigumu kuamini kwamba waweza kuupunguza kwa asilimia 96.

Chanzo chapaswa kutafutwa kwanza katika michoro. Jengo lilipewa kuta za aluminiamu bila mfumo wa kupitisha hewa. (Aliyewahi kushinda chini ya bati mjini Morogoro mwezi Januari hahitaji ufafanuzi.) Wapangaji walihesabu pia ng'ombe wa nchi nzima wakadhani wamehesabu ngozi, ilhali miiba, chapa za moto na kisu cha mchunaji huishusha ngozi daraja kabla haijafika kiwandani. Vipuri na kemikali vilihitaji fedha za kigeni, nazo ziliadimika baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979 na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979.

Wapo pia wanaoyahusisha maanguko haya na ubinafsishaji. Mfuatano wa matukio unawapinga: uzalishaji ulikoma mwaka 1990, ilhali Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma iliundwa mwaka 1992. Tume ilikikuta kiwanda kimekwisha kunyamaza.