Maji ya Bath na Maji ya Ngarambe



Huko Uingereza uko mji uitwao Bath, uliozaliwa na chemchemi ya maji moto. Warumi waliijengea chemchemi hiyo hekalu la mungu wao wa kike, Sulis Minerva. Karne nyingi baadaye, wagonjwa na matajiri waliendelea kumiminika huko, wakioga na kunywa maji yale kama dawa. Wachimbuaji wamekuta humo vibamba vya risasi zaidi ya 100, vilivyoandikwa dua na laana. Wengi wa walioviandika waliibiwa mali, nao walimwomba mungu wao awaadhibu wezi. Kumbe maji yale hayakutafutwa kwa ajili ya maungo yaumayo tu. Yalitafutwa pia na wenye kiu ya haki.

Sisi wa Mtunda hatuna haja ya kuvuka bahari ili kuielewa kiu hiyo. Kusini mwa mto wetu Rufiji iko Ngarambe. Mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale alisemekana kuzama katika kidimbwi cha mto, akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Watu wakafunga safari makundi kwa makundi kwenda kupokea maji yake, yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Waliambiwa kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji.

Je, walikuwa wajinga? Tusiharakishe kuhukumu. Tangu mwaka 1902 walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira usiolingana na jasho lao, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Walikosa mahali pa kushtaki, wakayashtakia maji. Na maji yale yakawaunganisha watu wa makabila mengi ambao kabla ya hapo hawakuwa na neno moja.

Mwezi Julai 1905 pamba iling'olewa Umatumbini. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Siku kumi baadaye, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili wakiwa safarini kutoka Kilwa kwenda bara. Maji hayakuzuia risasi. Vita ilipokwisha mwaka 1907, njaa iliyotokana na kuchomwa kwa vyakula ilikuwa imeua wengi kuliko bunduki. Wanahistoria wengine wanakadiria waliokufa kuwa 250,000 hadi 300,000.

Ndugu wapendwa, leo Bath ni mji wa watalii, nao Waingereza hawaionei haya imani ya wazee wao. Nasi tusiwacheke wa kwetu. Tujiulize tu: katika vijiji vyetu, yuko nani leo anayedhulumiwa na kukosa mahali pa kushtaki? Tusipomsikiliza sisi, atakwenda kuyashtakia maji.

Tuwaombee marehemu wote wa vita ile, wa kila dini na kila upande. Amina.