Watoto na Msitu katika Milima ya Usambara

Kambi ya watoto ya majira ya joto, yaani mpango wa siku au wiki kadhaa ambamo watoto wa mjini hupelekwa penye miti na maji ili wacheze, wachore, waimbe na kuvifahamu viumbe, ni desturi iliyokua katika nchi zenye majira manne ya mwaka, hasa Marekani kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19. Ikiletwa Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 katika Usambara Magharibi, kalenda yake hupinduka, kwa sababu likizo ya Juni huangukia kipupwe, msimu wa baridi na ukungu ambao huwalazimu hata wenyeji kuvaa masweta mchana. Joto linalowachosha watoto wa Tanga na Dar es Salaam huja wakati wa kaskazi, upepo uvumao kati ya Desemba na Machi, na historia ya kuipanda milima hii kwa ajili ya kupunga hewa imefungamana na msimu huo.

Wajerumani ndio walioifanya safari hiyo kuwa utaratibu. Mji waliuita Wilhelmstal, maana yake Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao, na reli iliyotoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, chini kabisa ya milima, mtu wa pwani aliweza kuondoka kwenye joto na kufika penye baridi bila msafara wa wapagazi wa siku nyingi. Waingereza waliowafuata waliendeleza mazoea hayo, na gavana wao naye akawa na nyumba ya mapumziko Lushoto. Hivyo milima ilikwisha kuwa mahali pa likizo kwa wageni kabla ya yeyote kufikiri kwamba mtoto wa Kiafrika wa mjini naye angehitaji kupumzishwa huko.

Wageni hao hawakuja kupumzika tu, bali walikuja pia kuorodhesha. Mwaka 1902 ilianzishwa Amani, katika Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo yenye bustani kubwa ya miti iliyokusanywa kutoka pande nyingi za dunia, na mkuu wake wa mwanzo alikuwa Franz Stuhlmann, ambaye jina lake limebaki katika jina la kisayansi la msambu, Allanblackia stuhlmannii, mti ambao mbegu zake hutoa mafuta mazito. Kabla ya hapo, ofisa Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa amepeleka Ujerumani ua dogo la zambarau liotalo kwenye miamba yenye kivuli, nalo mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Ua hilo leo hukaa kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, na wanaolimwagilia maji ni wengi kuliko watu waliopata kuliona porini.

Kwa Washambaa, wenye milima hiyo, mafunzo ya msitu hayakuhitaji safari. Wao huitofautisha Shambaai, nchi ya juu yenye mvua na migomba, na nyika, tambarare kavu iliyo chini, na mtoto aliijua tofauti hiyo kwa miguu yake kabla ya kuelezwa kwa maneno. Alijifunza akiwa kazini: akichunga mbuzi, akiokota kuni, akiamia ndege na kuwafukuza nyani na ngedere shambani, kazi ya mwisho ikiwa pengine somo bora kuliko yote, kwani hakuna amjuaye ngedere kama mtoto aliyekwisha kunyang'anywa mahindi naye. Sanaa nayo haikutengwa na siku ya kawaida. Ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na msichana aliyekaa karibu na mama yake alianza na bonge dogo la udongo, akalikanda, akatoa vijiwe kimoja kimoja kwa ncha za vidole, kisha akafinyanga kijungu kisichoweza kupika chochote, ambacho huenda kikapasuka motoni, naye akajua kwamba kijiwe kimoja kilimponyoka. Gao, mafunzo ya jando na unyago ya Washambaa, yalikuwa na nyimbo zilizobeba maonyo na maarifa, chini ya uangalizi wa kungwi, yaani mwalimu na mlezi wa mwali.

Kanuni ya misitu ya Wajerumani ya mwaka 1904 ndiyo iliyoanza kuitenganisha elimu hiyo na mahali pake, kwa kuwa iliiwezesha serikali kutenga hifadhi, na mchungaji wa jana akawa mvamizi ndani ya mpaka uliochorwa na wengine. Haja ya kuilinda misitu ilikuwa ya kweli, maana ukataji wa mwangati, mti wa mbao nyekundu yenye harufu, ulikuwa mkubwa, lakini wakataji wakubwa walikuwa makampuni ya mbao, si mtoto mwenye mbuzi wanne. Shule nazo ziligawanywa kwa rangi hadi mfumo huo ulipofutwa kuanzia Januari 1962.

Baada ya hapo msitu ulirudi shuleni kwa njia mbalimbali. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilileta mashamba ya shule na vitalu vya miche, ingawa wanafunzi wengi hawakuona tofauti kubwa kati ya somo hilo na jembe la nyumbani. Mwaka 1980 zilianzishwa Klabu za Malihai, vikundi vya wanafunzi vya kujifunza uhifadhi, na mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, akaanzisha mpango wa vijana wa Roots & Shoots jijini Dar es Salaam pamoja na wanafunzi 12 wa sekondari. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilipotangazwa mwaka 1997, njia za matembezi zikafunguliwa, na kazi ya kuongoza ikawaangukia mara nyingi watu wa vijiji vya jirani.

Matembezi yanayofundisha zaidi ni ya usiku. Kinyonga, anayeogopwa na watoto wengi nchini kiasi cha kukimbiwa, hupauka anapolala, hivyo mwanga wa kurunzi humwonyesha waziwazi juu ya kijiti, ilhali mchana mtu angempita mara kumi bila kumwona. Miongoni mwa vinyonga wa huko yumo yule ambaye dume lake lina pembe tatu, Trioceros deremensis, aliyepewa jina si la ofisa bali la Derema, mahali palepale Usambara Mashariki. Kiongozi humshikia kijiti, watoto husogea hatua moja na kurudi mbili, hadi mmoja wao anaponyoosha kidole na kinyonga, bila haraka yoyote, anaweka mguu wa kwanza juu yake.