Siku Mathu alipoangushwa na Mmeru

Tangu Profesa Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi aapishwe kuwa Naibu wa Rais tarehe 1 Novemba 2024, baada ya Rigathi Gachagua kung'olewa, wanasiasa hawaishi kutaja Mlima Kenya Mashariki na Magharibi, kana kwamba ufa huo ulizuka juzi. Wengi wao hawana habari ya uchaguzi wa Machi 1957.

Wakati huo Meru, Embu na Wakikuyu walikuwa Mkoa mmoja wa Kati, na Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikuwa amenyongwa Februari 18. Ndipo Waafrika wakaruhusiwa, kwa mara ya kwanza, kujichagulia wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria: viti 8 nchi nzima, kimoja cha Mkoa wa Kati. Aliyetarajiwa ni Eliud Mathu wa Kiambu, msomi wa Oxford na Mwafrika wa kwanza kuteuliwa barazani humo, mwaka 1944.

Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa na masharti yake. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa bila cheti cha uaminifu, kuthibitisha kwamba hakuwa upande wa Mau Mau. Mwenye cheti naye alipimwa tena: kisomo, pato la pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500, umri, utumishi. Sifa zikizidi, kura nazo zilizidi, hadi 3 kwa mtu mmoja. Mwalimu mwenye shamba la kahawa aliweza kupiga kura tatu, na jirani yake aliyetoka kizuizini asiwe na hata moja. Kwa Wakikuyu vyeti vilikuwa adimu. Meru, ambako Waafrika walianza kulima kahawa miaka ya 1930, wapiga kura walipatikana.

Mathu akaanguka. Kiti kikachukuliwa na Bernard Mate, mwalimu wa Meru. Jeremiah Nyagah wa Embu, aliyegombea pia, aliingia barazani mwaka uliofuata, viti vilipoongezwa.

Wapo watakaosema ushindi ule ulikuwa zawadi ya mkoloni, na mizani kweli ilikuwa imechezewa. Ila Mate hakugeuka kibaraka. Alisimama na wajumbe wenzake Tom Mboya na Oginga Odinga kukataa uwaziri na kudai viti zaidi. Ni aibu kwamba jina lake leo halitajwi sana hata kwao.

Mwaka 1963 Meru na Embu wakatolewa Mkoa wa Kati na kutiwa Mashariki, makao makuu yakiwa Embu mjini. Ndia na Gichugu wakabaki Kati kama Kirinyaga. Kisha mwaka 1971 ikaja GEMA, chama cha Wakikuyu, Waembu na Wameru, ambacho uongozi wake ulishikwa na Njenga Karume wa Kiambu. Jackson Angaine wa Meru, waziri wa ardhi, alikuwa mstari wa mbele mwaka 1976 katika kampeni ya kubadili katiba ili Makamu wa Rais Moi asirithi kiti moja kwa moja. Kwa maoni yangu, Meru walikuwa abiria katika lori la wenyewe. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akaizima kampeni, na mwaka 1980 GEMA ikavunjwa.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyowapa wadogo kanuni ya kushika: wachache wasimezwe na wengi. Ulaya hufanya hivyo: Malta, yenye watu takriban nusu milioni, ina wabunge 6 katika Bunge la Ulaya, Ujerumani 96. Kwetu, katika Seneti, Tharaka Nithi yenye watu 393,177 ina kura moja kama Meru yenye zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 kaunti zenye watu wachache zilikwamisha fomula ya ugavi wa fedha hadi Septemba, ikaafikiwa kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa.

Embu nayo ina wadogo wake. Magavana wake wote tangu 2013, Martin Wambora na Cecily Mbarire, waliwahi kuwa wabunge wa Runyenjes, upande wa Waembu. Wambeere, jamii ndogo ya kaunti hiyo, bado wanangoja zamu.