Okidi ya chui: Mmea wa hewani unaodhaniwa kuwa kirukia

Mtu apitaye chini ya mbuyu au mkoma katika Pwani ya Kenya huenda akaona, penye panda ya matawi, kichaka cha kijani kilichojishikiza mfano wa kiota cha ndege mkubwa. Wengi hukidhania kuwa kirukia, ule mmea unyonyao mti hadi matawi yakakauka, na wenye mashamba hawakawii kukifyeka. Mmea huo huonewa bure.

Kichaka hicho ni okidi ya chui, ambayo wanasayansi huiita Ansellia africana. Kirukia hupenyeza mizizi ndani ya mti na kufyonza maji yake. Okidi hii hushika gome kwa nje tu, ili ipate mwangaza. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe lililo kama sifongo, linalonasa maji ya mvua. Mingine, nayo ndiyo ya ajabu zaidi, husimama wima kama miiba ya nungunungu na kudaka majani makavu yaangukayo. Yakioza, mmea hupata chakula. Akiba ya maji hukaa katika mashina yafananayo na miwa, yanayoweza kufikia urefu wa sentimita 60, na kwayo huvumilia kiangazi.

Jina la chui limetokana na maua yake ya manjano yenye madoa ya hudhurungi. Lile la kisayansi linamkumbuka John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeupata mmea huu mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko, nchini Guinea ya Ikweta.

Makao yake yameenea kutoka Afrika Magharibi hadi Kenya, na kusini hadi Afrika Kusini. Humu nchini huonekana zaidi Pwani, ingawa bara pia hupatikana, hasa kando ya mito. Kwa kuwa hupenda joto na mwangaza, haistawi penye kivuli kizito. Aghalabu huchagua miti iliyo wazi. Bahati mbaya ni kwamba miti hiyo, ikiwa nje ya misitu iliyohifadhiwa, ndiyo ya kwanza kukatwa kwa ajili ya makaa na mashamba.

Wapo pia waing'oao ili waiuze kama pambo, japo mikataba ya kimataifa inataka kibali kabla ya okidi kuvushwa mipaka. Mwaka 2013 shirika la uhifadhi la IUCN liliiorodhesha miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Kuirudisha si kazi nyepesi: mbegu zake ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota porini zisipokutana na kuvu wa kuzilisha.

Hata hivyo, kichaka kilichoanguka pamoja na mti wake bado chaweza kuokolewa. Hufungwa kwa kamba ya katani juu ya mti mwingine wenye gome la kukwaruza, mahali penye mwanga, na huachwa hapo hadi mizizi mipya ishike.