Leseni ya Makao ya Wazee Marekani Ilikotoka

Agosti 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Ndani yake mlikuwa na sharti moja dogo: mzee masikini atalipwa posho, ila asiwe anaishi katika taasisi ya umma. Zilizolengwa zilikuwa nyumba za masikini za serikali za mitaa, ambako vikongwe walichanganywa na wagonjwa wa akili na watu wasio na makazi. Watunga sheria walitaka nyumba hizo zife, wazee wakaishi uraiani.

Lakini wengi hawakuwa na jamaa wa kuwapokea. Wakaingia na posho zao katika nyumba za watu binafsi: kwa mjane mwenye vyumba vitupu, kwa muuguzi mstaafu, kwa mfanyabiashara aliyenusa faida. Majimbo mengi hayakumdai mwenye nyumba cheti chochote. Biashara ikatangulia, kanuni zikaja zikichechemea nyuma.

Mwaka 1950 Kongresi ilirekebisha sheria hiyo. Jimbo lililotaka fedha za kuwalipia wazee walio katika makao lilitakiwa, kufikia Julai 1953, liwe na mamlaka ya kuweka viwango na kuvisimamia. Leseni ikaenea nchi nzima, walau kwenye karatasi. Kila jimbo lilijipangia viwango vyake, na mkaguzi alisita kufunga nyumba mbovu: wazee wale angewapeleka wapi?

Moto ndio uliouumbua udhaifu huo. Februari 1957 makao ya Warrenton, Missouri, yaliungua, wakafa watu 72. Novemba 23, 1963, ikawa zamu ya Fitchville, Ohio. Jengo lilikuwa la ghorofa moja tu, halina vinyunyizio vya maji darini. Kati ya wazee 84 walikufa 63. Rais Kennedy alikuwa ameuawa jana yake, na magazeti hayakuwa na nafasi ya msiba mwingine.

Mipango ya serikali ya kulipia matibabu, Medicare na Medicaid, ilipoanzishwa mwaka 1965, fedha za serikali ziliongezeka, na serikali ikapata nguvu ya kuuliza maswali. Mwaka 1967 Kongresi ilipitisha marekebisho yaliyoyataka majimbo yawape leseni hata mameneja wa makao hayo. Mageuzi makubwa yalikuja 1987: mzee asifungwe kitandani kwa urahisi wa mhudumu, na mhudumu msaidizi asipungukiwe na saa 75 za mafunzo.

Saa hizo Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi walioko Marekani wanazijua, kwa kuwa ajira yao ya kwanza huko ilianzia kwenye mafunzo hayo. Wapo wanaotamani kufungua nyumba zao wenyewe ndogo za kutunzia wazee. Kila jimbo bado lina masharti yake. Washington, kwa mfano, hudai mwombaji awe na uzoefu wa saa 1,000 za kuhudumia watu moja kwa moja. Mwenye nia aanzie kwenye idara inayotoa leseni katika jimbo lake, kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.