Mganda: Bendi ya Vibuyu

Mganda ni ngoma ya wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa, maeneo ya Mbamba Bay na Liuli, na hata milimani Mbinga. Chimbuko lake ni beni, mchezo wa kuiga bendi za jeshi ulioanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890. Vita Kuu ya 1914–1918 iliusambaza bara, ukirudi vijijini pamoja na askari na wapagazi. Liuli yenyewe iliionja vita hiyo mapema: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliilemaza hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann.

Tarumbeta za shaba hazikuwapo, hivyo vibuyu vikashika nafasi yake. Kibuyu hutobolewa, tundu likazibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji huvumisha sauti yake ndani, utando ukatetema, ikatoka sauti kali ya kukwaruza. Hapo ndipo penye ufundi wa mganda, kwani mahadhi hubebwa zaidi na vibuyu na ngoma kubwa kuliko maneno. Wachezaji hujipanga safu kama kwenye gwaride, wamevaa nguo nyeupe na soksi ndefu. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, ndugu yake mganda huitwa malipenga. Wanawake wana ngoma yao, kioda.