Vitabu Vilivyochelewa Kufika Darasani

Mwaka 1969, Harper & Row ya New York ilichapisha riwaya ya John Donovan, I'll Get There. It Better Be Worth the Trip. Davy, mwenye miaka 13, anabusiana na rafiki yake wa kiume. Baadaye mbwa wake anagongwa na gari, naye anaamini ameadhibiwa. Riwaya hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya vijana nchini Marekani kugusa mapenzi ya jinsia moja. Ilifungua mlango, lakini kwa sharti: apendaye hivyo lazima alipe.

Sharti hilo lilitawala miaka ya 1970. Katika The Man Without a Face ya Isabelle Holland (1972), mwalimu anayependwa na kijana anakufa. Katika Trying Hard to Hear You ya Sandra Scoppettone (1974), mmoja wa wavulana wawili wanaopendana anafia katika ajali ya gari. Rosa Guy, mzaliwa wa Trinidad aliyekulia New York, aliandika Ruby (1976) kuhusu wasichana wawili Weusi wa Harlem, ingawa nao walitengana.

Nancy Garden ndiye aliyelivunja sharti. Katika Annie on My Mind (1982), walimu wawili wanawake wanaoishi pamoja wanafukuzwa kazi, lakini wasichana Liza na Annie wanabaki hai, tena wanarudiana. Mwaka 1993 kitabu hicho kilichomwa moto hadharani Kansas City, na wilaya ya shule ya Olathe, Kansas, ikakiondoa maktabani. Wanafunzi na wazazi wao walikwenda mahakamani. Mwaka 1995 jaji wa shirikisho aliamuru kirudishwe, kwa kuwa kiliondolewa kwa sababu wakuu hawakupenda mawazo yaliyomo.

Baada ya hapo uwanja ulipanuka. Boy Meets Boy ya David Levithan (2003) iliwapa wavulana mapenzi yasiyo na msiba, na Luna ya Julie Anne Peters (2004) ikamleta dada anayelelewa kama kaka.

Mahuntha, watu waliozaliwa na maumbile ya kijinsia yasiyolingana na yale ya kawaida ya kike au ya kiume, walichelewa kuliko wote kuingia vitabuni, na chanzo kilikuwa hospitalini. Tangu miaka ya 1950 madaktari wengi walifuata mwongozo uliotokana na kazi ya John Money na wenzake huko Johns Hopkins: mtoto apangiwe jinsia mapema, afanyiwe upasuaji, na mara nyingi afichwe ukweli. Mtu aliyenyimwa habari za mwili wake angeandikaje riwaya juu yake? Ni baada ya mahuntha wenyewe kuanza kujipanga nchini Marekani, mwaka 1993, ndipo siri hiyo ilipoanza kuvunjika. Mwaka 2012 Lianne Simon, mwenyewe huntha, alitoa riwaya ya vijana, na mwaka 2015 ikafuata None of the Above ya I. W. Gregorio, daktari wa upasuaji. Msichana wake, Kristin, anagundua kwamba ana kromosomu za XY, kisha shule nzima inajua kabla yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kulielewa jambo hilo.

Leo vitabu vipo vingi, na vita vimehamia kwenye rafu. Gender Queer, kumbukumbu za maisha kwa michoro za Maia Kobabe, iliongoza orodha ya vitabu vilivyopingwa zaidi Marekani miaka mitatu mfululizo, 2021 hadi 2023. Januari 2023, katika Kaunti ya Manatee, Florida, baadhi ya walimu walifunika rafu za madarasa yao kwa karatasi, maana sheria mpya ilitaka kila kitabu kikaguliwe kwanza na mtaalamu wa maktaba.

Rafu hiyo ya darasani ina uzito wa pekee. Kijana asiye na fedha za kununua kitabu, na anayeogopa kumwuliza mkutubi, huweza kukichukua pale kimyakimya. Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anasoma nini, hata kumzuia. Lakini haki hiyo inaishia kwa mtoto wake. Kwa mtoto wa jirani, huenda kitabu hicho ndicho cha kwanza kumwambia kwamba watu wa aina yake huishi, hupendwa, na huzeeka.